Thabeet walimwonea? Namna mabosi wa NBA wanavyoamua Februari

Msomaji wetu wa Igoma, jijini Mwanza, ameuliza hivi kuhusu NBA, ligi ya kikapu ya Marekani:

"Shikamoo kocha. Nimekuwa shabiki wa Oklahoma City tangu Hasheem Thabeet alipokuwa kule. Kila ikifika Februari kijiweni kwetu hapakaliki. Wenzangu wanasema siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji NBA ni dirisha dogo kama letu la Simba na Yanga, mwenye fedha anamchukua amtakaye. Mimi naona sivyo, ila nashindwa kuwaeleza. Mwaka 2025 Dallas walimtoa Luka Dončić, dunia ikashangaa. Oklahoma wakatulia tuli, wakabeba ubingwa. Hawa mabosi huwa wanatazama nini? Na kuna jambo linaniuma mpaka leo: Thabeet walimhamisha mara mbili, 2011 na 2012, zote saa za mwisho. Walimwonea?"

Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo la mwisho, kwa sababu linaniuma na mimi, na kwa sababu ukishalielewa la Thabeet, la Dallas na la Oklahoma utayafungua mwenyewe.

Tarehe 24 Februari 2011, siku nane tu baada ya Thabeet kutimiza miaka 24, Memphis Grizzlies walimpeleka Houston Rockets. Hawakumtoa peke yake. Waliongeza DeMarre Carroll, na juu yake wakaweka haki ya kuchagua mchezaji katika raundi ya kwanza ya drafti (siku ambayo timu huchagua vijana wapya kwa zamu) ya miaka ya mbele. Walichopokea ni Shane Battier na Ish Smith. Kumbuka huyu ni kijana wa Dar es Salaam, mita 2.21, aliyechaguliwa wa pili katika drafti nzima ya 2009, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika pale kabla yake. Haijapita miaka miwili anatolewa, tena kwa nyongeza, ili aje mtu wa miaka 32 ambaye siku nyingine anamaliza mchezo na pointi saba. Ukiitazama hivyo, ni dharau.

Sasa kaa kwenye kiti cha bosi wa Memphis wiki ile. Katikati ya mwezi huohuo fowadi wako Rudy Gay ameumia bega (hakucheza tena msimu ule). Pembeni pana shimo: huna mtu wa kumkaba mfungaji hatari wa wapinzani usiku baada ya usiku. Chini ya ringi, kwa upande mwingine, umejaa. Una Marc Gasol, una Zach Randolph, na hao wawili hawatoki uwanjani ila kwa faulo au uchovu. Thabeet anangoja nyuma yao. Hata angekuwa anakua haraka kuliko alivyokuwa anakua, dakika zake zimeshikwa na watu wawili ambao hakuna kocha mwenye akili angewapumzisha kwa ajili yake.

Battier naye hakuwa mgeni. Memphis ndio waliomchagua 2001, wakampeleka Houston 2006 ili wapate haki ya huyohuyo Rudy Gay. Mtu aliyeondolewa ili Gay aje, akarudishwa Gay alipoumia.

Kilichofuata kiko kwenye kumbukumbu. Aprili 17 Memphis, timu ya nane ya kundi la Magharibi, walikwenda San Antonio kucheza na Spurs walioshinda michezo 61 msimu ule. Zikiwa zimebaki kama sekunde 24, Battier akaachia mtupo wa pointi tatu, ukaingia, na Memphis wakashinda 101 kwa 98. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza kabisa wa mtoano tangu klabu ianzishwe. Wakawatoa Spurs 4 kwa 2, kisha Oklahoma wakawasimamisha kwenye mchezo wa saba wa raundi iliyofuata. Mkataba wa Battier ulikuwa unaisha, na Desemba ile akaenda zake Miami. Kwa hiyo Memphis walimtoa Thabeet wetu, na haki ya raundi ya kwanza juu, kwa ajili ya takriban miezi mitatu ya kazi ya mtu mmoja. Na walikuwa sahihi.

Basi jibu langu ni hili: Februari ile hawakumwonea. Kosa lilifanyika Juni 2009.

Siku ile ya drafti Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol, senta wa miaka 24, ambaye haki zake walizipata Februari 2008 walipompeleka kaka yake Pau kwa Lakers. Wakamchagua senta mwingine. Wiki chache baadaye wakamleta Randolph. Thabeet aliuanza mchezo huu kwa kuchelewa, akiwa kijana wa sekondari, na mtu wa namna hiyo anahitaji kitu kimoja kuliko vyote: dakika za kukosea. Anahitaji kucheza vibaya usiku arobaini ili usiku wa arobaini na moja aelewe. Memphis hawakuwa na usiku arobaini wa kumpa, na Februari 2010 walimshusha kwenye ligi ya chini ambako mchezaji aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti alikuwa hajawahi kupelekwa. Nikimlaumu mtu, namlaumu aliyekaa mezani Juni ile na kuchagua urefu bila kuuliza atacheza lini. Aliyekaa mezani Februari 2011 alikuwa analipa deni.

Mwaka 2012 ni habari nyingine, na hapo nakupa ukweli wenyewe ingawa ni mchungu. Msimu ule ulianza Desemba kwa sababu ya mgogoro wa wamiliki na wachezaji, kwa hiyo siku ya mwisho ikasogea hadi Machi 15. Houston walimpeleka Thabeet Portland pamoja na Jonny Flynn na haki ya raundi ya pili, wakamchukua mkongwe Marcus Camby. Portland siku ile walikuwa wanabomoa nyumba. Walimfukuza kocha wao Nate McMillan, na walimtoa Gerald Wallace kwa New Jersey Nets wakapata haki ya raundi ya kwanza ambayo kiangazi kile ikawa Damian Lillard. Katika hesabu hiyo Thabeet hakuingia kama senta. Aliingia kama mkataba unaokaribia kuisha. Portland walitaka mishahara itakayofutika Juni, na wa kwake ulikuwa mmoja wao.

Hapo ndipo wenzako wa kijiweni wanapopotea. Kwenye dirisha dogo letu klabu inamtaka mchezaji, inaongea na klabu yake, inalipa fedha, jamaa anasaini mkataba mpya na picha inatoka amevaa jezi. NBA hakuna kununua mchezaji namna hiyo. Mkataba wake wa zamani unamfuata kama ulivyo, na upande wa pili lazima utoe kitu kinacholingana. Fikiria pale Mwaloni Kirumba watu wangekatazwa kununua dagaa kwa fedha, wakaambiwa wabadilishane gunia kwa gunia mbele ya mizani. Mizani ya NBA inapima mshahara. Kipaji haikioni.

Namba za msimu wa 2025/26 ni hizi. Kikomo cha mishahara ya timu ni dola milioni 154.6. Unaruhusiwa kukivuka kwa ajili ya kubaki na wachezaji wako, na timu nyingi zinazowania ubingwa zimekivuka, lakini ukishavuka huwezi kupokea mishahara bila kutoa mingine inayokaribiana. Ukifika milioni 187.9 unaanza kulipa kodi ya anasa. Juu yake kuna mistari miwili ambayo Wamarekani wameipa jina la aproni: wa kwanza uko milioni 195.9, wa pili 207.8. Ukivuka wa kwanza, hupokei hata dola moja zaidi ya unayotoa. Ukivuka wa pili, unakatazwa pia kuunganisha mishahara ya watu wawili ili upate mmoja mkubwa, na huruhusiwi kuweka fedha taslimu kwenye biashara yoyote ile. Yaani magunia yako mawili ya nusu hayahesabiwi gunia zima tena.

Kwa hiyo ukisikia shabiki anapiga kelele "kwa nini hatumleti fulani?", muulize kwanza timu yake iko mstari gani. Mara nyingi jibu liko hapo na ubishi umekwisha. Na ndiyo maana mchezaji wa kawaida tu mwenye mshahara wa milioni 15 unaoisha Juni anaweza kutafutwa na timu tano Februari. Hawamtaki yeye. Wanataka uzito wake kwenye mizani.

Kitu cha pili kinachotumika kama fedha ni zile haki za drafti. Nazo zina sheria: timu hairuhusiwi kubaki bila haki ya raundi ya kwanza kwa miaka miwili mfululizo ya mbele. Sheria hiyo wanaiita kwa jina la Ted Stepien, aliyekuwa mmiliki wa Cleveland miaka ya 1980 na akazigawa haki zake mpaka ligi ikalazimika kumzuia.

Halafu kuna viti. Ni 15, na vitatu vya pembeni kwa wale wenye mikataba ya njia mbili, wanaopanda na kushuka kati ya NBA na ligi ndogo. Wa njia mbili hachezi mtoano mpaka apewe mkataba kamili. Ukitoa mmoja ukapokea watatu, wawili waliokuwa wamekaa kimya mwisho wa benchi wanaachwa siku hiyohiyo. Majina yao hayatangazwi sana. Mimi huwa nayatafuta, kwa sababu mmoja wao angeweza kuwa kijana wetu.

Sasa Dallas. Watu wanasahau kwamba meneja mkuu yuleyule, Nico Harrison, alifanya Februari nzuri sana mwaka mmoja kabla. Februari 8, 2024 alimleta P.J. Washington kutoka Charlotte na Daniel Gafford kutoka klabu ya Washington. Hakuna aliyeshtuka. Dallas walikuwa na Dončić na Kyrie Irving wa kutengeneza pointi. Walichokosa ni fowadi wa kukaba na kutupa kutoka kona, na mtu mrefu wa kupokea pasi za juu. Wakapata vyote viwili, wakafika fainali Juni, na P.J. Washington huyo ndiye aliyesimama kwenye mstari wa faulo dakika ya mwisho Oklahoma yenu ilipotolewa. Pole, ila ni kweli.

Ilipofika Februari 2025 Harrison aliacha kuziba shimo akabomoa ukuta. Habari ya Dončić ilitufikia Jumapili asubuhi, Februari 2, watu wengine wako njiani kwenda kanisani, na karibu kila mtu alidhani ni uzushi. Dončić alikuwa na miaka 25 na ametoka kuipeleka timu fainali. Anthony Davis, aliyekuja, alikuwa na 31. Dallas walipata pia Max Christie na haki moja tu ya raundi ya kwanza, ya 2029. Harrison alieleza kwamba anaamini ukabaji ndio unaoleta ubingwa, na mbele yake kulikuwa na mkataba mpya wa Dončić wa zaidi ya dola milioni 300. Hoja zote mbili zina uzito. Ninachokataa ni kufanya biashara ya ukubwa ule katikati ya msimu, kwa siri, bila kuwasikia wanunuzi wengine. Davis aliumia kwenye mchezo wake wa kwanza. Irving akachanika goti mwezi uliofuata. Timu haikufika mtoano, na Novemba Harrison akafukuzwa. Kwamba Mei walishinda bahati nasibu ya kupanga nani achague wa kwanza kwenye drafti kwa nafasi ya asilimia 1.8 wakampata Cooper Flagg, hilo halihesabiki kwake. Hakuna aliyelipanga.

Wewe ni mtu wa Mwanza, kwa hiyo nikupe mfano wa ziwani. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, taa zinawavuta dagaa juu. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, mitumbwi inapumzika. Siku hizo za mbalamwezi ndipo tajiri anaposhona nyavu, anaponunua taa, anapoachana na mvuvi mvivu na kutafuta mwingine. Giza likishaingia na mtumbwi uko majini, unaziba panapovuja na kuendelea. Hubadilishi mbao za chini. NBA mbalamwezi yao ni Juni na Julai: drafti, mikataba mipya, biashara kubwa ambazo kocha atapata miezi mitatu ya kuzizoesha. Februari ni giza. Zimebaki kama wiki tisa kabla ya mtoano, mazoezi ya maana ni machache kwa sababu ya safari, na mchezaji mpya anajifunza mifumo akiwa ndani ya ndege.

Oklahoma yako ndiyo inayonionyesha hili vizuri kuliko wote. Walionekana wamelala Februari 2025 kwa sababu kazi ilikuwa imeshafanyika kwenye mbalamwezi. Juni 2024 walimtoa Josh Giddey wakamchukua Alex Caruso, mkabaji anayeweza kucheza bila kushika mpira. Julai wakamsainisha Isaiah Hartenstein, ribaundi (mipira inayokosa ringi na kudunda) zikapata mwenyewe. Kitu pekee walichokosa katikati ya msimu ni senta wao kijana, Chet Holmgren, aliyeumia nyonga Novemba, naye akarudi Februari 7, siku moja baada ya siku ya mwisho. Hakuna biashara ambayo ingewaletea mtu wa kiwango hicho bila kumtoa mtu. Walichofanya mwezi ule ni kumpa Ajay Mitchell, aliyekuwa wa njia mbili, mkataba kamili. Bosi wao, Sam Presti, alikuwa na haki za drafti kuliko timu nyingi, angeweza kushawishika kuzitumia, na mwaka mmoja kabla alishawishika kweli: alimleta Gordon Hayward Februari 2024, haikufaa, na Hayward akastaafu kiangazi kilekile. Nadhani alijifunza. Michezo 68 walishinda msimu uliofuata, na wakawafunga Indiana kwenye mchezo wa saba wa fainali.

Usichukue hapo kwamba kukaa kimya ndiyo hekima siku zote. Toronto mwaka 2019 walikuwa na timu nzuri, Kawhi Leonard ndani, Siakam wa Kameruni anapanda, lakini senta wao Jonas Valančiūnas alikuwa ameumia kidole gumba na mbele yao kwenye kundi la Mashariki kulikuwa na senta hatari, Joel Embiid. Bosi wao Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya, alimtoa Valančiūnas na wengine wawili Februari 7 akamleta senta mkongwe mwenye akili ya kumsoma Embiid. Juni wakawa mabingwa. Na huyo senta unamjua: ni Marc Gasol, yuleyule aliyemzibia Thabeet njia Memphis. Baada ya zaidi ya miaka kumi na timu ile, naye alipigiwa simu siku ya mwisho kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo ukiniuliza mabosi wanatazama nini, mimi nikiwa pale ningeuliza hivi: wiki tisa zijazo nitakutana na nani, na ni kitu gani watanifanyia ambacho sina jibu lake? Kama jibu ni "sina mtu wa kumkaba yule", natafuta Battier wangu, na nakubali kulipa zaidi ya anavyoonekana kustahili. Kama jibu ni "timu yangu haina mfungaji mkubwa", basi nimechelewa, na Februari haitaniokoa. Na kama niko nafasi ya 12, niache kujidanganya, niuze wachezaji wangu wanaofaa sasa kwa wenye njaa na nichukue haki za drafti, kama Portland walivyofanya siku ile ya Lillard.

Siku yenyewe ikifika, kwa saa zetu inafungwa saa tano usiku, kwao ikiwa saa tisa alasiri. Msilale saa tano kamili, habari nyingi huendelea kutoka wakati karatasi zinapitishwa na ligi. Na hata baada ya hapo msiamini mpaka vipimo vya afya vipite. Mwaka ule wa 2025 Lakers walikuwa wamempata senta Mark Williams kutoka Charlotte kwa kumtoa Dalton Knecht, Cam Reddish na haki ya raundi ya kwanza ya 2031. Siku mbili baada ya siku ya mwisho biashara ikafutwa kwa sababu ya vipimo. Knecht, kijana wa msimu wa kwanza, akarudi kwenye chumba kilekile cha kubadilishia nguo, kwa mabosi walewale waliokuwa wamemtoa, na siku chache baadaye akawa uwanjani na jezi ya Lakers.

Kuna tarehe moja zaidi ambayo kijiwe chenu huenda hakiihesabu. Mchezaji anayevunja mkataba kwa maelewano anaweza kuchezea timu nyingine kwenye mtoano ikiwa tu ameachwa kabla Machi 1 haijaisha kwa saa za Marekani, yaani asubuhi ya Machi 2 huku kwetu. Wakongwe wengi wanaookotwa kwa mshahara mdogo hupatikana katika wiki hizo tatu, ingawa timu zilizovuka aproni ya kwanza haziruhusiwi kumchukua aliyekuwa na mshahara mkubwa. Hivyo orodha ya wachezaji wa Oklahoma mnayobishania usiku wa siku ya mwisho haijakamilika. Isomeni tena Machi 2, saa mbili asubuhi.